Pine yenye meno yote inaweza kuwa imekwisha kufa: namna ya kuamua kubadilisha mapine ya motokari ya zamani

Katika parsele nyingi za Bukavu, Goma, Butembo ao Bunia kuna motokari moja iliyosimama pembeni, chini ya mti wa avoka ao nyuma ya nyumba. Mara ni Land Rover ya mzee aliyekwisha kufariki, mara ni Mercedes ya miaka ya 1980, mara ni Coccinelle ambayo mtoto wa nyumba anasema siku moja ataitengeneza. Siku hiyo inapofika, kazi inaanzia kwenye moteri. Mekanisia anabadilisha mafuta, anasafisha mirija, anaweka batri mpya, anaangalia breki. Moteri inawaka, watoto wanapiga kelele, majirani wanakuja kutazama.

Kisha mtu mmoja anakaribia, anapiga pine teke na kusema: "Hii ingali muzima. Angalia, iko na meno yote." Mazungumzo juu ya mapine yanaishia hapo. Wanaweka upepo, na kesho yake motokari ya babu inatoka kupeleka watu kwenye ndoa.

Hapo ndipo hatari inapoingia. Meno ya pine yanaonyesha kitu kimoja tu: pine imetembea kilometa ngapi. Hayaonyeshi imeishi miaka mingapi. Kwa taksi ya Goma inayokanyaga mawe ya volkeno kila siku, tofauti hiyo haina maana kubwa, sababu meno yataisha ao jiwe litakata pine mbele ya miaka kuifikia. Kwa motokari ya zamani inayotembea mara moja kwa mwezi ao mara moja kwa mwaka, mambo yamegeuka. Meno yanabaki, na mpira wenyewe unakufa polepole, bila kuonekana.

Mpira unazeeka namna gani

Kila mtu anayetumia chukudu ao piki-piki anajua zile kamba za mpira zinazokatwa kwenye mapine ya ndani kwa kufungia mizigo. Zikiwa mpya zinavutika na kurudi. Zikiachwa kwenye jua miezi mingi zinakauka, zinapasuka vistari vidogo, na siku moja kamba inakatika mkononi pasipo kuvutwa kwa nguvu. Pine ya motokari inapitia njia ileile. Tofauti ni kwamba ni nene zaidi, na ndani yake kuna chuma.

Utomvu wa mpira peke yake ni laini, unanata kwenye joto na kuwa mgumu kwenye baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika pamoja na salfa, unapata mpira wenye nguvu na wenye kurudi mahali pake. Salfa inafunga nyuzi za mpira moja kwa nyingine. Lakini kazi hiyo haiishii kiwandani. Hewa na joto vinaendelea kugusa yale mafundo mwaka kwa mwaka: mengine yanakaza kupita kiasi, mengine yanakatika. Mpira unakuwa mgumu, unapoteza ulaini wake, na mwisho unapasuka.

Viwanda vinajua hayo, na ndiyo maana vinachanganya ndani ya mpira aina ya nta pamoja na dawa za kuukinga. Nta hiyo inatoka ndani na kufunika uso wa pine kama ngozi nyembamba, ikizuia gesi ya ozoni iliyo hewani isiukate mpira. Pine inapozunguka na kujikunja chini ya uzito, nta inaendelea kutoka na kuifunika upya. Pine iliyosimama haijikunji. Ngozi ile ikiharibika, hakuna mpya ya kutosha inayokuja kuchukua nafasi yake. Kumbe motokari iliyopumzika miaka mitano haikuyapumzisha mapine yake. Pengine iliyaua mbele ya wakati.

Mahali pa kuiweka panahesabu pia. Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa mita zaidi ya 1,400 juu ya bahari. Hewa ya Bukavu na Goma ni ya baridi kidogo, na watu wengi wanafikiri kwamba baridi hiyo inalinda kila kitu. Lakini kadiri unavyopanda, ndivyo miali mikali ya jua inavyopungua kuzuiliwa na hewa, na miali hiyo ndiyo inayochoma uso wa mpira. Kule Uvira na Kalemie, chini kando ya Tanganyika, kazi kubwa inafanywa na joto. Na yule anayehifadhi mapine yake ndani ya garaje, karibu na mashine ya soudire, akiamini ameyaficha na jua, anapaswa kujua kwamba cheche za umeme zinatengeneza ozoni ileile.

Uharibifu mbaya zaidi hauonekani kabisa. Ndani ya pine nyingi za kisasa, chini ya meno, kuna mikanda miwili ya nyuzi za chuma iliyolazwa moja juu ya nyingine na kushikwa na mpira katikati. Upepo uliojazwa ndani unasukuma, na oksijeni inapenya polepole kutoka ndani kwenda nje, ikipita katikati ya mikanda ile. Pale ndipo mpira unapoanza kuachilia chuma. Kwa nje pine inang'aa. Siku itakapobeba uzito, ipate joto na kuzunguka kwa mwendo mrefu, ule uso wenye meno unaweza kubanduka wote kama ganda la ndizi.

Pine iliyomzidi umri kijana aliyekuwa ndani ya basi

Tarehe 10 Septemba 2012, nchini Uingereza, basi moja lililobeba vijana waliotoka kwenye tamasha la muziki katika kisiwa cha Wight lilikuwa likirudi kaskazini kwa barabara ya A3. Pine ya mbele ilipasuka. Basi likaacha njia na kugonga mti. Watu watatu walikufa: shofere na abiria wawili, na mmoja wa abiria hao alikuwa na miaka 18. Uchunguzi ulionyesha kwamba ile pine ilikuwa na miaka 19. Iliundwa mbele kijana huyo hajazaliwa.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba hakuna sheria iliyovunjwa. Meno ya pine yalikuwa na kina kinachokubaliwa, na kila aliyeiangalia aliona meno. Mama ya kijana yule alifanya kampeni kwa miaka, na tangu tarehe 1 Februari 2021 Uingereza inakataza pine yenye kupita miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya kamyo na mabasi, na pia kwenye magurudumu ya basi ndogo ambayo hayakufungwa mawili-mawili.

Sheria hiyo iliacha mlango mmoja wazi: motokari za kihistoria zenye miaka 40 na zaidi, zisizofanya kazi ya biashara, hazihusiki. Serikali iliwaachia wenyewe waamue. Ni kusema motokari za zamani, ambazo mapine yake ndiyo yanayosimama zaidi, ndizo ambazo hakuna askari wala mkaguzi atakayeziuliza umri wa pine. Huku mashariki hali ni hiyo hiyo: polisi wa barabarani akiomba karatasi na kutazama taa, ni mara chache atainama kusoma namba ya pine.

Vijana wengi wanakumbuka pia kifo cha Paul Walker, yule mchezaji wa filamu za mbio za magari, tarehe 30 Novemba 2013 huko California. Wapelelezi walisema sababu kubwa ilikuwa mwendo: Porsche Carrera GT ya mwaka 2005 ilikuwa ikikimbia kati ya kilometa 130 na 150 kwa saa mahali panaporuhusiwa 72 tu. Lakini waliandika pia kwamba mapine yake yalikuwa na miaka 9. Motokari ile ilikuwa ya bei ya ajabu na ilikuwa imetembea kidogo sana. Pesa za kununua mapine mapya hazikukosekana.

Soma namba nne

Umri wa pine umeandikwa juu yake. Kwenye ubavu kuna herufi DOT, zikifuatwa na herufi na namba nyingine, na mwisho kuna namba nne, mara nyingi ndani ya alama ya yai. Mbili za kwanza ni wiki ya mwaka, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 3516, pine hiyo iliundwa wiki ya 35 ya mwaka 2016, ni kusema mwisho wa Agosti. Ukisoma 0522, ni wiki ya tano ya 2022.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza: namba nne zinaandikwa mara nyingi kwenye ubavu mmoja tu. Ukiona DOT bila namba nne mwishoni, tafuta upande wa pili, na kama upande huo umeelekea ndani, lazima kulala chini ya motokari na tochi ya telefone, ao kuondoa gurudumu. Mtu asikubali kuambiwa "haina date". Wa pili: mbele ya mwaka 2000 waliandika namba tatu tu, wiki na namba ya mwisho ya mwaka. Pine yenye 238 inaweza kuwa ya 1998 ao ya 1988. Hakuna haja ya kukaza kichwa kutafuta ni ipi kati ya hizo.

Tarehe ya kununua haihesabu. Land Rover iliyovalishwa mapine "mapya" mwaka 2019 inaweza kuwa na mapine ya 2013 yaliyolala stoo miaka sita. Na kama namba imekwanguliwa kwa kisu ao kwa mashine, sababu ni moja: mtu fulani alijua namba hiyo itaharibu biashara.

Sasa, miaka mingapi? Hapa watengenezaji hawasemi neno moja. Viwanda vingi vya motokari vinashauri kubadilisha pine baada ya miaka 6, hata kama meno yapo. Michelin, ambayo inauza mapine, inasema baada ya miaka 5 ya kuitumia pine iangaliwe na fundi angalau mara moja kwa mwaka, na ikifika miaka 10 tangu kuundwa itolewe, hata ikionekana nzima. Continental pia inaweka mpaka kwenye miaka 10. Tofauti hiyo inatokana na jambo rahisi: hakuna anayeweza kuona ndani ya pine, na kila pine imeishi maisha yake, moja kwenye kivuli, nyingine kwenye jua na chini ya mzigo.

Hata hivyo, ile miaka 10 ni mpaka wa mwisho kwa pine iliyotunzwa: upepo sawasawa, mzigo wa kadiri, barabara nzuri. Mapito ya kati ya Butembo na Goma, ama mteremko wa Ngomo kuelekea Uvira, hayafanani na hayo. Kwa motokari ya zamani ya huku, miaka 6 ni wakati wa kuanza kuweka franga pembeni. Kungojea 10 ni kucheza.

Kutazama kwa macho na kwa vidole

Namba ikishasomwa, pine inaangaliwa yenyewe. Inua gurudumu kwa kriki, lizungushe polepole kwenye mwanga wa jua. Safisha kwanza kwa maji na sabuni, sababu ile dawa nyeusi ya kung'arisha inafunika vistari vidogo kama poda usoni. Tazama mbavu zote mbili, halafu tazama chini kabisa, kwenye mifereji kati ya meno, mahali watu wanasahau. Kistari kidogo cha juu juu ni uzee wa kawaida. Kistari ambacho ukucha unaingia ndani, ao kinachozunguka ubavu karibu na janti, ao kilicho chini ya mfereji, ni mwisho wa pine hiyo. Uvimbe wowote, hata mdogo kama nusu ya limao, maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Pine ya namna hiyo hairudi barabarani hata siku moja, hata kwa kwenda kwa kwado.

Kisha jaza upepo kamili na uache siku tatu. Ikipoteza, tafuta sababu: kutu kwenye janti, valvu iliyokauka (valvu nayo ni mpira, inazeeka pamoja na pine), ao pine yenyewe. Motokari iliyosimama miaka mahali pamoja inapata pia sehemu bapa chini. Ikianza kutembea usukani unatetemeka. Baada ya kilometa kadhaa mtetemeko huo unaweza kuisha pine ikipata joto. Usipoisha, ao ukiongezeka, ao ukisikia mlio wa tap-tap-tap unaofuata mwendo, simamisha: pengine mikanda imeanza kuachana.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri wanalisahau. Kutazama kunaweza kuonyesha kwamba pine imekufa, lakini hakuwezi kuonyesha kwamba iko hai. Pine ya miaka 14 isiyo na kistari hata kimoja, iliyofunikwa turubai vizuri, bado ni pine ya miaka 14.

Gurudumu la akiba linasahauliwa zaidi kuliko yote. Kwenye Land Rover na Land Cruiser nyingi linaning'inia nyuma ao juu ya kapo, juani, mwaka mzima. Halijawahi kukanyaga chini, meno yake yako kama siku ya kwanza, na ndilo la zamani kuliko yote manne. Ndilo litakalofungwa usiku, katikati ya pori, motokari ikiwa na mzigo.

Njia ya mkato iliyoenea ni kutia mpira wa ndani katika pine ya zamani inayovuja. "Weka shambre, itafika." Mpira wa ndani unashika upepo, ni kweli. Lakini haurudishi nguvu ya mikanda wala ya ubavu. Ndani ya pine isiyotengenezwa kwa shambre, mpira ule unasuguana na mikwaruzo na kuongeza joto, na ukitobolewa upepo unatoka mara moja. Kwa mapine ya 7.50 R 16 ya Land Rover za zamani, ambayo kwa kawaida yanatumia shambre, hilo si tatizo. Ila shambre nayo ibadilishwe pamoja na pine, isihamishwe kutoka ya zamani kwenda mpya kwa kuokoa dola chache.

Okazioni ya Ulaya

Ni hapa ndipo uamuzi unakuwa mgumu kweli, sababu ni hapa ndipo pesa inapoongea. Mwenye Coccinelle anayetafuta pine nyembamba ya inchi 15, 155 ao 165, anaweza kuzunguka soko zima asiione mpya. Mwenye Land Rover anapata 7.50 R 16, lakini manne mapya pamoja na la akiba ni bei ya ng'ombe kadhaa. Basi macho yanageukia okazioni zinazoingia kupitia Kasindi ao Bunagana.

Kabla ya kufurahia bei, mtu ajiulize: kwa nini mwenye pine hii kule Ulaya ao Japani aliitoa ikiwa na meno mazuri hivi? Mara nyingine motokari iliuawa kwenye ajali na mapine yalikuwa mapya. Mara nyingi fundi wake alisoma zile namba nne na kumwambia wakati umefika. Kutoa pine ya miaka 12 na kuweka ya miaka 9 yenye meno marefu zaidi ni kulipa ili ubaki palepale. Okazioni yenye miaka mitatu ao minne, isiyo na kiraka ubavuni, ni biashara nyingine kabisa, na zipo. Lakini anayezipata ni yule anayesoma namba mbele ya kuuliza bei.

Nyingine ni mapine ya majira ya baridi, yenye alama ya mlima na chembe ya theluji. Mpira wake ni laini kwa makusudi, ili ushike kwenye barafu. Kwenye joto la uwanda wa Ruzizi unaisha kama sabuni. Nyingine zimechongwa upya kwa kisu cha moto ili zionekane na meno. Kuchonga kunakubaliwa kwa pine za kamyo zenye maandishi REGROOVABLE tu, zilizowekewa mpira wa ziada kwa kazi hiyo. Kwenye pine ya motokari ndogo, kisu kinakaribia chuma.

Tazama pia namba ya mzigo, iliyo karibu na ukubwa: 91 inabeba kilo 615 kwa gurudumu, 108 inabeba kilo 1,000, 116 inabeba 1,250. Pine ya motokari ya mjini, hata ikiingia kwenye janti ya Land Cruiser, haikutengenezwa kwa magunia kumi ya mihogo.

Wanaoweza kununua mawili tu wanauliza yaende wapi. Watu wengi wanaweka mazuri mbele. Kwa motokari ndogo, viwanda vya mapine vinashauri kinyume: mazuri nyuma, sababu mbele ikiteleza kwenye mvua shofere anasikia usukani na anaweza kupunguza mwendo, lakini mkia ukiteleza motokari inazunguka mbele hajaelewa. Ila ushauri huo ni kwa mapine ambayo yote yangali hai. Ukiwa na mawili yaliyokufa, kuyaweka mbele wala nyuma hakusaidii kitu. Na kwa motokari za zamani sana kuna kanuni nyingine: pine za mtindo wa zamani, zile zinazoitwa diagonale, zisichanganywe na radiale kwenye ekseli moja. Kama hakuna namna ila kuwa na aina zote mbili, radiale ziende nyuma.

Kama pesa hazijapatikana

Familia nyingi zitasoma namba, zihesabu miaka 15, na hazitakuwa na pesa mwezi huu. Motokari haina haja ya kuuzwa kwa hasira. Iwekwe juu ya vigogo ao matofali imara, uzito utoke kwenye mapine, ifunikwe, na moteri iwashwe mara kwa mara palepale. Ikibidi isogezwe, isogee ndani ya mtaa, polepole, tupu, na mtu mmoja. Hasira ya pine iliyozeeka inaamshwa na mambo matatu yakikutana: mzigo, upepo mdogo na mwendo mrefu wenye joto. Land Rover inayozunguka mtaa wa Ibanda kwa kilometa 20 kwa saa haiko katika hatari sawa na ileile Land Rover ikiwa na watu tisa, saa saba mchana, kwenye lami iliyonyooka kati ya Kamanyola na Uvira. Lakini ndoa zinafanyika mbali, na motokari ikishawaka ni vigumu kuikatalia shangazi nafasi.

Kuna wenye motokari wanaopenda kutunza mapine ya asili, yale yaliyokuja na motokari kutoka kiwandani, kwa sababu yanaongeza thamani. Sawa. Wayatunze kwenye stoo penye giza, mbali na mafuta na soudire, wayavalishe siku ya picha, kisha wayavue.

Na pine iliyotolewa, isiachwe nzima kwa kwado kama malipo ya kazi yake. Jioni hiyohiyo itaoshwa, itapakwa dawa nyeusi, na kabla ya Jumapili itakuwa chini ya taksi ya mtu mwingine. Mafundi wa viatu wanaitafuta kwa kutengeneza kandambili, na wenye chukudu wanaitafuta kwa kufunika magurudumu yao ya mbao. Mbele ya kuwapa, kata ubavu wake kwa kisu, pande zote mbili.